Jinsi ya Kuandika Maelezo ya Spishi Mpya ya Buibui Mdogo wa Ardhini

Chini ya majani makavu ya misitu ya Tao la Mashariki, kuanzia Vilima vya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa nchini Tanzania, wanaishi buibui wadogo ambao wengi wao hawajapewa jina la kisayansi. Baadhi yao hawazidi punje ya ulezi. Hawatandi nyavu kubwa zinazoonekana njiani wala hawaingii majumbani, na mtu anaweza kupita juu ya makazi yao kila siku asijue kama wapo. Kwa kuwa misitu ya milima hii imetenganishwa na mabonde makavu kwa muda mrefu sana, buibui wa Usambara mara nyingi si yule wa Uluguru, hata kama kwa macho ya kawaida wanafanana. Msitu mmoja mdogo ukifyekwa, spishi nzima yaweza kutoweka kabla haijaandikwa popote, na hasara ya namna hiyo haina wa kuihesabu.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi au mtafiti kijana aliyempata buibui anayemshuku kuwa mpya na anayetaka kumwandika kwa utaratibu unaokubalika. Jambo la kuelewa tangu mwanzo ni kwamba kumpata buibui huyo ni sehemu ndogo ya kazi, na sehemu kubwa ni kulinganisha. Spishi haiwi mpya kwa sababu wewe hujawahi kuiona, wala kwa sababu haimo katika kitabu ulichonacho. Inakuwa mpya pale unapokuwa umewapitia jamaa zake wote waliokwisha kupewa majina na ukaonyesha kwa ushahidi kwamba yeye si mmoja wao.

Vibali kwanza

Usikusanye hata buibui mmoja kabla ya kuwa na karatasi. Nchini Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Hifadhi za misitu zinahitaji pia ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu, na hifadhi za taifa zinahitaji ile ya TANAPA. Kenya ina NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ikiwa vielelezo au vinasaba vitatoka nje ya nchi, Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inadai kuwepo makubaliano ya maandishi kuhusu matumizi yake na mgawanyo wa manufaa. Namba za vibali hivi zitaandikwa katika makala yako, na majarida mengi sasa huziulizia kabla ya kuipokea. Zaidi ya karatasi, pita ofisi ya kijiji kilicho jirani na msitu, jitambulishe, na ueleze unachokuja kufanya. Hiyo ni heshima inayostahili, na mara nyingi humo ndimo utakamompata mtu anayejua ni korongo lipi hubaki na unyevu hata wakati wa kiangazi.

Kumpata buibui, na kumpata akiwa amekomaa

Njia mbili zinafaa zaidi kwa buibui wa ardhini. Ya kwanza ni kuchekecha majani. Chukua majani yaliyooza pamoja na tabaka jembamba la udongo wa juu, uyatikise ndani ya chekecho lenye matundu ya takriban sentimita 1, na kinachopenya ukimwage kidogo kidogo juu ya kitambaa cheupe. Baada ya hapo subiri. Buibui wengi wa majani hukunja miguu na kutulia tuli wanapoanguka, na kwa nusu dakika au zaidi hawatofautiani na chembe ya udongo. Anayeharakisha kukung’uta kitambaa huwamwaga wale wale aliowafuata. Anayeanza kutembea mnyonye kwa kifaa cha kufyonzea chenye kitambaa laini ndani ya mrija, au mguse kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa alkoholi.

Njia ya pili ni mtego wa shimo, yaani kikombe cha plastiki kilichofukiwa hadi ukingo wake ulingane sawasawa na ardhi. Ukingo ukibaki juu hata kwa milimita chache, buibui wa milimita 2 atauzunguka na kwenda zake. Ndani ya kikombe weka propilini glikoli, kimiminika cha kuhifadhia, na matone machache ya sabuni, na juu yake jengea paa dogo ili mvua isijaze. Mitego ina faida moja isiyopatikana kwa chekecho: hunasa madume, ambao wakishakomaa huzurura kutafuta majike.

Ukomavu ni sharti lisilo na mbadala. Spishi za buibui hutofautishwa hasa kwa viungo vya uzazi, na viungo hivyo hukamilika baada ya kujibambua kwa mwisho, yaani kuvua gamba la zamani. Kwa dume tazama pedipalpi, vile viungo viwili vifupi vilivyo mbele ya miguu. Zikiwa zimevimba lakini laini na hazina maumbo yanayoonekana, buibui huyo bado hajakomaa. Zikiwa na sehemu ngumu za kahawia zenye ncha na mikunjo, amekomaa. Kwa jike tazama upande wa chini wa fumbatio, kwenye bamba gumu liitwalo epijini. Buibui wachanga watunze, wana manufaa yao kwa uchunguzi wa vinasaba, lakini usijenge spishi mpya juu yao.

Vielelezo vya kuchunguza maumbo hutunzwa katika ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Vya vinasaba huhitaji ethanoli ya asilimia 95 au zaidi pamoja na ubaridi, lakini ethanoli hiyo kali hukausha viungo na kuvifanya vikatike kwa urahisi. Ukipata buibui wa kutosha, wagawanye mara moja huko huko msituni.

Lebo

Kielelezo kisicho na lebo sahihi hakina thamani kwa sayansi, hata kiwe kizuri namna gani. Lebo iandikwe kwa penseli au kwa wino usioyeyuka katika alkoholi, kwenye karatasi imara, na iwekwe ndani ya chupa pamoja na buibui mwenyewe. Iliyobandikwa nje itang’oka. Andika nchi, mkoa, jina la msitu, latitudo na longitudo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya makazi, njia ya kukusanya, tarehe, na jina la mkusanyaji. Mwezi uandike kwa tarakimu za Kirumi, kwa sababu 5/4 kwa msomaji mmoja ni tarehe 5 Aprili na kwa mwingine ni tarehe 4 Mei. Usiandike «Usambara» peke yake na kuona umemaliza: Usambara Mashariki na Usambara Magharibi ni milima miwili iliyotenganishwa na bonde la Mto Lwengera, na kwa buibui asiyeweza kuvuka bonde lile, hizo ni dunia mbili.

Kulinganisha

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na ndivyo inavyopasa.

Anza na familia. Hesabu macho na uchore yalivyopangwa, hesabu kucha za mwisho wa mguu kama ni mbili au tatu, kisha tazama viungo vya kutolea uzi. Buibui wa milimita 1 hadi 3 mwenye macho sita, na mara nyingi mwenye mabamba magumu ya rangi ya machungwa juu ya fumbatio, huenda ni wa Oonopidae. Mwenye jozi ya mbele ya viungo vya uzi iliyorefuka huku nyingine zikiwa zimedumaa, na aliyekutwa karibu na siafu, sisimizi au mchwa, yaelekea ni wa Zodariidae. Katika misitu ya juu yenye ukungu utakutana sana na Linyphiidae, ambao madume yao pengine huwa na vichwa vilivyoinuka kwa nundu na mashimo ya ajabu usiyoyaona kwa majike yao.

Ukishaijua familia na kukisia jenasi, ingia katika World Spider Catalog, orodha ya buibui wote wa dunia inayotunzwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya Bern, Uswisi. Orodha hiyo ilivuka spishi 50,000 mwaka 2022, na kwa kila spishi inaonyesha nani aliiandika, wapi, na kama zimeandikwa jinsia zote mbili au moja tu. Ukijisajili utaweza kusoma makala nyingi za asili bila malipo. Toa orodha ya spishi zote za jenasi yako zinazopatikana Afrika, kisha zisome moja baada ya nyingine, ukiweka mchoro wa kila moja kando ya kielelezo chako.

Makala za zamani zitakusumbua. Buibui wa Kilimanjaro na Meru waliokusanywa na msafara wa Waswidi wa 1905–1906 waliandikwa na Albert Tullgren mwaka 1910. Roger de Lessert wa Geneva aliandika wengine wa Uganda na wa Tanzania ya leo mwaka 1915, na Åke Holm akatoa kazi kubwa juu ya buibui wa milima ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Utakutana na Kifaransa na Kijerumani, na pengine mistari michache ya Kilatini isiyo na mchoro hata mmoja. Maelezo yakiwa mafupi kiasi kwamba yangeweza kumhusu buibui yeyote, dawa ni moja: omba kuiona holotaipu, yaani kile kielelezo kimoja ambacho jina limefungwa kwake. Vielelezo vingi vya Afrika Mashariki vimo katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, Copenhagen, Stockholm, Berlin, Paris, Geneva na London. Mwandikie mtunzaji barua fupi yenye adabu, taja jina la spishi, mwaka na mwandishi, na uombe picha za viungo vya uzazi ikiwa huwezi kusafiri. Watunzaji wengi hujibu, kwa kuwa kazi yao ni hiyo hasa.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Spishi nyingi za buibui wadogo zinajulikana kwa jinsia moja tu. Ukiwa na dume asiyefanana na dume yeyote aliyeandikwa, huenda ukawa umepata spishi mpya. Lakini huenda pia umempata mume wa jike aliyepewa jina zamani, pengine kutoka msitu ule ule. Kabla ya kusonga mbele pitia majike yote ya jenasi hiyo wasio na madume, uangalie mahali walikokusanywa, ukubwa, mpangilio wa macho na miiba ya miguu. Kama wewe mwenyewe una dume na jike waliotoka katika chekecho moja, usichukulie tu kwamba ni wa spishi moja. Katika futi chache za majani huweza kuishi spishi mbili za jenasi moja, na hapo vinasaba husaidia sana kuwaunganisha.

Kutazama kwa ndani

Dume huchunguzwa kwa pedipalpi ya kushoto, kwa desturi inayofuatwa na wengi duniani ili michoro iweze kulinganishwa. Ikate kwa sindano nyembamba kwenye kiungo cha pili au cha tatu kutoka mwilini, uilaze katika sahani ndogo yenye alkoholi juu ya mchanga mweupe laini sana au juu ya jeli ya kusafishia mikono, na uigeuze hadi uione kwa upande, kwa chini na kwa juu. Tafuta embolasi, ile ncha inayopitisha mbegu, uandike inaanzia wapi, inapinda kuelekea wapi na inaishia wapi. Tazama pia mwiba ulio ubavuni mwa tibia ya pedipalpi, yaani pingili iliyo kabla ya ile ya mwisho, maana katika familia nyingi huo ndio unaotofautisha spishi kwa haraka kuliko sehemu nyingine.

Kwa jike, uso wa nje wa epijini hautoshi. Inabidi ikatwe taratibu, isafishwe nyama, kisha ifanywe ionekane kwa ndani. Wengine hutumia asidi ya laktiki au potasiamu haidroksaidi. Mimi napendelea mafuta ya karafuu, na yeyote aliye karibu na Zanzibar au Pemba hana haja ya kuagiza ng’ambo. Pitisha kwanza epijini katika ethanoli safi ili maji yatoke, kisha itumbukize katika tone la mafuta juu ya kioo na utazame kwa hadubini. Pole pole weupe wa tishu unafifia, bamba la kahawia linakuwa kama halipo, na mirija inajitokeza: inaingia, inazunguka mara moja au mbili, na kuishia katika vifuko vya mviringo vinavyohifadhi mbegu. Hesabu mizunguko na uchore papo hapo. Ukimaliza, rudisha epijini katika ethanoli safi, uitie katika kichupa kidogo, na kichupa hicho kikae ndani ya chupa kubwa yenye mwili wa jike yule yule.

Vipimo vyote viwe kwa milimita: urefu wa mwili mzima, urefu na upana wa gamba la kichwakifua, kipenyo cha macho na nafasi kati yake, na urefu wa kila sehemu ya kila mguu. Andika pia mfuatano wa miguu kwa urefu, kwa mfano 4123, wa nne ukiwa ndio mrefu kuliko yote. Pima buibui kadhaa kadiri ulivyonao na utoe kipimo cha chini na cha juu, kwa sababu wa kwanza kukamatwa huenda ni mdogo au mkubwa kupita kawaida. Picha zipigwe kwa tabaka nyingi na kuunganishwa kwa programu, na kila moja iwe na mstari wa kipimo. Hata hivyo usiache kuchora. Mkono unaochora hulazimisha jicho liulize mstari huu unaishia wapi, swali ambalo kamera haiulizi.

Kwa vinasaba chukua mguu mmoja au miwili ya upande wa kulia, ukiacha upande wa kushoto mzima kwa vipimo, na ukiweza usiiguse kabisa holotaipu. Sehemu ya COI, jeni ya mitokondria, yenye jozi-besi (herufi za vinasaba) zipatazo 658 ndiyo inayotumika zaidi. Matokeo yake yanaunga mkono hoja, lakini hayachukui nafasi ya maelezo ya maumbo.

Kuandika

Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika 1 Januari 2000, zina masharti yasiyokwepeka. Lazima useme wazi kwamba jina ni jipya, uandike kwa maneno sifa zinazoitofautisha spishi hiyo, uteue holotaipu, na utaje mkusanyo itakamohifadhiwa pamoja na mahali mkusanyo huo ulipo. Pungukiwa na sharti moja, jina lako halitambuliki kisheria. Kuhusu mahali, maoni yangu ni thabiti: pale ambapo nchi ina makumbusho au chuo chenye mtunzaji na alkoholi ya uhakika, holotaipu ibaki nchini, na parataipu chache, yaani vielelezo vingine vya spishi hiyo ulivyovitumia kuiandika, zipelekwe kwenye makumbusho ya nje ili moto au uzembe wa mahali pamoja usifute kila kitu. Vita Kuu ya Pili iliteketeza vielelezo vya aina hii katika makumbusho ya Ujerumani, na majina kadhaa yamebaki yakielea hadi leo.

Sehemu muhimu kuliko zote ni utambuzi, ile aya fupi inayotangulia maelezo marefu. Iandike ukimfikiria mtu aliyeshika buibui mwingine, mbali nawe, asiyeweza kukuuliza. Sentensi kama «anatofautiana na spishi nyingine kwa umbo la pedipalpi» haimsaidii chochote. Mwambie hivi: dume anafanana na spishi fulani kwa kuwa mwiba wa tibia una ncha mbili, lakini anatofautiana nayo kwa kuwa ncha ya juu ni ndefu mara mbili ya ile ya chini na embolasi inaanzia upande wa ndani, si kileleni. Linganisha na jamaa wa karibu kwa jina, na kila tofauti ielekezwe kwenye mchoro wake.

Maelezo yenyewe hufuata mpangilio mmoja kwa dume na kwa jike: rangi, kichwakifua, macho, kelisera (taya zenye meno ya sumu), miguu na miiba yake, fumbatio, kisha viungo vya uzazi. Rangi itaje kuwa ni ya kielelezo kilichomo katika alkoholi, maana kijani na wekundu hupotea upesi. Ongeza orodha ya vielelezo vyote, ramani, na aya kuhusu makazi yenye yale uliyoyaona kweli.

Jina liwe kwa herufi za Kilatini na lisimdhalilishe mtu. Likitokana na mahali na kuishia na -ensis, litabadilika kuwa -ense ikiwa jina la jenasi, kwa sarufi ya Kilatini, ni la jinsi isiyo ya kiume wala ya kike. La kumuenzi mwanamume mmoja huishia na -i, la mwanamke mmoja -ae. Kiswahili kinaruhusiwa kikamilifu. Mwaka 2001 Charles Griswold aliunda jenasi za familia Cyatholipidae zinazoitwa Buibui, Kubwa na Pembatatu, na ndani ya hiyo ya mwisho imo Pembatatu embamba. Ukitumia neno la Kiswahili, eleza katika makala kwamba ni nomino isiyobadilika au useme unavyolichukulia, ili anayekuja baadaye asilipindishe. Kujipa jina lako mwenyewe si vizuri.

Kuchapisha

Majarida kama Zootaxa, ZooKeys, African Invertebrates na European Journal of Taxonomy hupokea kazi hizi. Hili la mwisho halimtozi mwandishi wala msomaji. Kwa jarida la kielektroniki, tangu marekebisho ya Kanuni ya 2012 kazi lazima isajiliwe ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama iliyo mtandaoni, kabla ya kuchapishwa na namba ya usajili ionekane ndani yake. Mpaka siku hiyo ifike, usilitumie jina jipya katika tasnifu, bango la mkutano wala mtandaoni. Andika «spishi A» na utosheke nayo, kwani jina likivuja huleta mkanganyiko ambao hata Kanuni huutatua kwa shida.

Makala ikitoka, weka lebo nyekundu ya holotaipu ndani ya chupa, andika namba ya usajili wa makumbusho, na uhakikishe inalingana na ile iliyochapishwa. Peleka nakala kwa COSTECH au NACOSTI kama kibali kinavyodai, moja kwa ofisi ya hifadhi, na nyingine kwa serikali ya kijiji ikiwa na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja wenye picha ya buibui na jina la msitu wao, kwa kuwa maamuzi kuhusu kuni, mashamba na moto pembezoni mwa msitu huo hufanyika katika mikutano yao.